Kumwomba mgeni kitu kwa Kiingereza bila kuonekana unaamrisha

BintiPaje: Shikamooni wakubwa. Nipo mapokezi, hoteli moja huku Paje. Mgeni akifika namwambia "Please give me your passport." Msimamizi anasema ni kama askari wa kizuizini. Si nimeweka "please"? Kwetu ukisema "naomba pasipoti" mtu anakupa bila kinyongo. Na mgeni akiniambia "Would you mind changing the towels?" nijibu "yes" au "no"?

MzeeWaMachame: Marahaba mwanangu. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro. "Please" ukiipachika mbele ya amri, amri inabaki palepale. Wenzetu ombi wanaligeuza swali, mtu aone ana hiari hata kama hana. Sema "Could I see your passport, please?" Jioni kambini lazima nimpime kila mgeni oksijeni, nasema "Could I have your finger, please?" Wanacheka, mkono huo wanakuletea.

Ombi likiwa zito, refusha. Mtu keshafungua mabegi na unataka kumhamisha chumba? "I'm so sorry, would it be possible to move you to another room?" Ila usilete mbwembwe hizo kwa kuomba chumvi, atadhani unamkejeli. Na mtu akianza kuyumba kule juu karibu na Stella Point, sina habari na "could". Ni "Stop. Sit down." Hakuna aliyewahi kuninunia.

Ticha_Tanga: La taulo: anauliza kama utaona tabu. Jibu "No, not at all," halafu peleka taulo. Ukijibu "Yes, I would" umemkatalia. Na wewe ukiitumia, kitendo kiishie na -ing: "Would you mind signing here?"

Dogo_Nungwi: Mnamchosha bure. Wageni wangu wengi Wataliano, wao wenyewe wanasema "Key, room seven!"

MzeeWaMachame: Yeye ndiye mteja, mdogo wangu. Anayelipwa kwa adabu ni wewe.

BintiPaje: Asanteni sana. Na kwenye simu, nikitaka asubiri nitazame kama chumba kipo?

Ticha_Tanga: "Could you hold on a moment, please?" Ukirudi, kabla ya lolote: "Thank you for waiting." "Wait" tupu usiitumie kabisa, simuni hawaoni tabasamu lako.