Nimeacha nyama wiki ya tano sasa, mbona sukari inapanda? Naomba ushauri

Kijiko Kimoja
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 49, kisukari aina ya pili, mwaka wa tatu huu. Natumia metformini asubuhi na jioni, na glibenklamidi kidonge kimoja asubuhi. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) ya mwisho ilisoma 8.4%, daktari akasema tuishushe chini ya 7. Akaniambia nipunguze uzito na mboga ziwe nyingi. Nikasema kama ni mboga basi niende mzima mzima: nyama, samaki, mayai na maziwa vyote nikaacha kwa mpigo.

Mizani imeshuka kilo moja tu. Asubuhi kabla ya kula mashine ilikuwa inasoma 8.5 (kwa mmol/L), sasa ni 9 na pointi. Juzi saa mbili baada ya chakula cha mchana nimekuta 14.2! Halafu cha ajabu, Jumamosi asubuhi nilimeza dawa, nikanywa juisi ya mboga tu, nikaendelea na kazi za nyumbani. Ilipofika saa sita mikono ikaanza kutetemeka, jasho linanitoka, macho yana ukungu. Nikapima: 3.3. Nikala mkate na jemu nikarudi sawa.

Siku yangu iko hivi: asubuhi mkate mweupe slesi nne, chai, na glasi kubwa ya juisi ya matunda, nakamua mwenyewe, sukari siweki. Mchana wali na maharage, viazi, mboga kidogo. Jioni tambi au wali uliobaki. Katikati karanga na ndizi mbivu. Nakosea wapi? Mke wangu anasema nirudie kuku wangu niache kujitesa.

Ngojangoja
Mkuu, nyama imetoka, kiti chake kakalia wali. 😄

Nesi Mstaafu
Kaka, kabla ya wali tuongelee hiyo 3.3, maana ndiyo iliyonishtua. Chini ya 3.9 tunahesabu kwamba sukari imeshuka mno. Metformini peke yake ni nadra kukufikisha huko. Aliyekufikisha ni glibenklamidi: hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Umeimeza, umekunywa majani, umefanya kazi. Ulitegemea nini?

Kwa hiyo usibadilishe chochote tena kwenye sahani kabla hujampigia aliyekuandikia dawa. Mwambie namba zote mbili, 14.2 na 3.3, na mwambie umebadilisha chakula. Mtu akipunguza wanga kwa dhati, dozi ya dawa ya aina hiyo mara nyingi hupunguzwa, na kazi hiyo ni yake, usiifanye mwenyewe wala usiache dawa kimyakimya.

Na ikikushukia tena, usianze na mkate. Sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, kunywa, kaa chini, pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda ndipo ule chakula. Mke wako afundishwe hili leo, maana sukari ikishuka zaidi ya hapo unaweza kushindwa hata kujieleza. Ukilegea kiasi cha kushindwa kumeza, asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Kijiko Kimoja
Aisee. Nilidhani ni njaa tu. Kesho asubuhi napiga simu.

Mtu wa Namba
Mimi nitasema lisilopendwa hapa. Nyama haina wanga, haikupandishi sukari ukimaliza kula. Aliyekupandisha ni mkate, wali, viazi, tambi na hiyo juisi. Angalia utafiti wa DiRECT wa Uingereza, matokeo yalitoka 2017: watu waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita waliwekwa kwenye vinywaji maalumu vya kalori chache kwa miezi kadhaa. Baada ya mwaka 46% sukari yao ilikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 na zaidi, 86%. Hawakuwa wala mboga hao. Kilichofanya kazi ni uzito kutoka. Na wewe uko mwaka wa tatu, bado dirisha liko wazi.

Mama Dengu
Mtu wa Namba uko sahihi nusu. Sukari ya muda huo huo ni ya wanga, kweli. Lakini mwili kuikataa insulini kunahusiana sana na mafuta yaliyojaa kwenye ini na misuli, na hapo ndipo chakula cha mimea kilichopangwa vizuri kinaposaidia, kwa sababu kinashibisha kwa kalori chache. Neal Barnard na wenzake wa Marekani walilipima hili, wakachapisha 2006: watu 99, wiki 22, kundi moja mimea mitupu yenye mafuta kidogo, lingine mlo wa kawaida wa kisukari. Walioweza kupunguza dawa walikuwa 43% kwa 26%. Neno kubwa hapo ni "kilichopangwa". Soda na keki isiyo na mayai navyo havina nyama.

Sasa kaka Kijiko. Mimi nina mwaka wa saba na hii hali, na kosa lako nililifanya neno kwa neno.

Anza na juisi, iache leo. Hujaweka sukari, sawa, lakini machungwa matatu au manne umeyanywa kwa dakika moja na nyuzinyuzi zake karibu zote umezitupa. Kula chungwa moja kwa kutafuna, uone tofauti kwenye mashine. (Juisi niliilia kama msiba, nakuelewa.)

Pili, geuza vipimo vya wali na maharage. Wali mweupe uliopikwa, gramu 100, una wanga kama gramu 28 na nyuzinyuzi haifiki hata gramu moja. Dengu zilizopikwa, gramu 100 hizo hizo, wanga ni kama 20, ila nyuzinyuzi 8 na protini 9. Wewe unapakua mlima wa wali na kijiko cha maharage juu yake. Fanya maharage ndiyo chakula, wali ndiyo kitoweo. Watu watakucheka mezani, waache.

Mimi sahani yangu nusu nzima ni mboga zisizo na wanga mwingi: majani, kabichi, biringanya, bamia, matango. Robo maharage au dengu au choroko au soya. Robo iliyobaki ndiyo wali AU viazi AU tambi. Siyo mkutano wa wote. Na naanza kula mboga kwanza, wanga mwishoni. Nilibeza nilipoambiwa, nikapima, kwangu tofauti ilionekana. Karanga ni nzuri lakini ni konzi moja, siyo kusindikizia taarifa ya habari. Mafuta ya kukaangia nayo yana kalori, hata yakitoka kwenye mmea.

Ukimaliza kula, tembea dakika 10 au 15. Usilale.

Tabibu Asilia
Achaneni na makemikali. Nina unga wa majani, siku 21 sukari inaisha kabisa na unaacha vidonge. Njoo PM.

Nesi Mstaafu
Huyo usimfuate PM. Metformini yenyewe asili yake ni mmea, galega, uliotumika zamani Ulaya. Sipingi majani. Napinga unga usiojulikana kipimo, na mtu anayekwambia uache dawa bila kujua figo zako zikoje.

Ngojangoja
Swali la mgeni: yeye hata mayai na maziwa ameacha. Hakuna kitu atapungukiwa?

Nesi Mstaafu
Swali zuri sana. Vitamini B12. Kwenye mimea haipo ya kutegemea, na metformini ikitumika muda mrefu inapunguza uwezo wa mwili kuinyonya. Yeye ana vyote viwili. Ubaya wake, ikipungua huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, mtu akadhani ni kisukari kimeharibu mishipa ya fahamu, kumbe ni vitamini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku lakini lazima zitoke mahali: kidonge, au chakula kilichoongezewa. Aombe apimwe. Na apimwe figo pia, maana figo zikiwa zimechoka, maharage mengi na baadhi ya mboga zenye potasiamu nyingi zinahitaji mpango mwingine. Chai nayo asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasinyonywe vizuri.

Kijiko Kimoja (wiki tatu baadaye)
Wakuu, nimerudi. Daktari ameifuta glibenklamidi, metformini inaendelea. B12 ilikuwa chini, nimeanza vidonge. Figo ziko vizuri, namshukuru Mungu.

Juisi nimeacha, mkate mweupe nimeacha, sahani nimeigeuza kama alivyosema Mama Dengu. Jana saa mbili baada ya chakula cha mchana 8.9. Asubuhi bado nasoma 7.8 hadi 8.2, daktari anasema ini linamwaga sukari alfajiri, hiyo itachelewa kushuka, tusubiri HbA1c baada ya miezi mitatu. Kilo tatu zimetoka. Mayai nimerudisha mawili kwa wiki, mke wangu ameshinda hapo.

Mama Dengu, sasa naomba unisaidie: tumbo linajaa gesi mpaka naona aibu kukaa na watu. Hili linaisha lini?

Mama Dengu
😂 Kwangu ilichukua kama mwezi. Loweka maharage usiku kucha, yale maji yamwage, yapike kwa maji mengine mpaka yalainike kabisa. Wiki hizi tumia dengu zilizokobolewa kwanza, hizo ni pole. Na kaa karibu na dirisha.