Tupeane uzoefu: kuponi za dawa za maumivu hapa Marekani

Mgongo Mbovu: Wakuu, nimetoka famasia mikono mitupu. Bima ya kazini inaanza mwezi ujao, gabapentin, dawa ya maumivu ya neva, wanataka dola 140. Jamaa kaniambia nipakue app ya GoodRx, kuna kuponi za bure za kupunguza bei ya dawa. Kweli au ndo yale yale?

Binti Pangani: Umenikumbusha 2021, Columbus. Nabeba maboksi ghalani zamu ya usiku, siku moja kiuno kikalia kah! Maumivu yakashuka mguu mzima mpaka kisigino. Daktari akaandika pregabalin, dawa ya aina hiyo hiyo. Dirishani kaka akasema dola 296. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti, nyuma yangu foleni ya watu sita. Mfuko ulishafungwa, jina langu limebandikwa juu. Akauchukua akaurudisha kwenye kikapu. Usiku nililala sakafuni jikoni, kitanda hakilaliki, nikikohoa tu naona nyota. Mama mmoja wa Bukavu wa zamu yetu ndiye aliyeniambia, "Dada, acha ile karte ya bima, wape hizi namba tu." Kesho yake kaka yule yule, dirisha lile lile, kaingiza namba za kuponi za kwenye simu yangu, zile zinazoitwa BIN, PCN na Group: dola 23. Nililia kwenye gari kwa hasira.

Shemeji wa Dallas: Hii ni mimi kabisa.

Mzee wa Takwimu: Hamjiulizi kwa nini ni bure? 2023 serikali iliitoza GoodRx faini ya dola milioni 1.5 kwa kupeleka habari za afya za watumiaji Facebook na Google bila kuwaarifu wenyewe.

Shemeji wa Dallas: Wapeleke tu. Facebook waujue mgongo wangu, huenda wakanichangia.

Mzee wa Takwimu: Endelea kucheka. Na pesa unayolipa kwa kuponi kwa kawaida haihesabiki kwenye ile unayotakiwa kumaliza mfukoni kabla bima haijaanza kulipa.

Binti Pangani: Mzee, mtu hana bima mpaka mwezi ujao! Soma kwanza.

Kaka Eldoret: Mimi dawa yangu ya maumivu, celecoxib, kwa bima ni dola 10, kwa kuponi 34. Uliza bei zote mbili. Tangu 2018 sheria hairuhusu mfamasia kuzibwa mdomo asikutajie iliyo nafuu. Jaribu pia famasia ya Costco, lile duka la wanachama; kwa dawa za daktari huhitaji uanachama.

Nyota ya Tanga: Baba alikuja kututembelea, hana bima, mwezi wa pili akapata mkanda wa jeshi. Ubavu mzima malengelenge, shati halivaliki. Kilichomtesa zaidi ni ile habari kwamba ncha za upele zikizunguka mwili zikakutana mtu anakufa. Kila asubuhi anasimama kwenye kioo cha bafuni na futi ya cherehani, anapima nafasi iliyobaki! Shangazi anapiga simu kutoka nyumbani, apakwe majivu.

Kaka Eldoret: Majivu 😂 kwetu ni tope.

Muuguzi Zamu: Acheni majivu. Ni kirusi cha tetekuwanga kimeamka. Dawa ya kirusi inafaa ianze ndani ya saa 72, ukichelewa maumivu yanaweza kubaki miezi.

Shemeji wa Dallas: Ncha zilikutana?

Muuguzi Zamu: Kuhusu kuponi: pregabalin ni dawa inayodhibitiwa na serikali, famasia nyingine zinakataa kuponi kwa dawa hizo. Piga simu kabla hujawasha gari.

Kijana wa Mbezi: Mnateseka bure. Agizeni dawa ya maumivu ya diclofenac kutoka nyumbani, dukani hata cheti cha daktari hawakuulizi.

Muuguzi Zamu: Mwenye presha au vidonda vya tumbo asithubutu.

Mgongo Mbovu: Nimerudi famasia. Kuponi inasema dola 16, binti wa dirishani kaandika 41. Kumbe kuponi ni ya kapsuli za miligramu 300, daktari kaandika vidonge vya 600.

Binti Pangani: Mpigie daktari abadilishe, kapsuli mbili badala ya kidonge kimoja. Ila angalia kwanza, idadi ikiongezeka na bei inapanda.

Mgongo Mbovu: Ni Ijumaa saa kumi na moja jioni, dada. Hapokei mtu.

Shemeji wa Dallas: Nyota ya Tanga, ncha??

Nyota ya Tanga: Zilibaki inchi tisa. Futi bado anatembea nayo.