Pampu ya vakyumu ya bei nafuu kwa kazi ya faibaglasi nyumbani: nitaipimaje kabla ya kuiamini?

Baharia_Kunduchi aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninatengeneza vifuniko na vipande vya sitaha kwa boti ndogo za faibaglasi, na kazi hiyo ninaifanya nyumbani, kwenye banda la uani. Hadi sasa nimekuwa nikipaka resini kwa brashi na rola. Vipande vyenye foamu katikati ndivyo vinavyonisumbua, kwa sababu tabaka la juu halikamatani sawasawa na foamu, na ukigonga kwa sarafu unasikia mlio mzito wa uwazi sehemu kadhaa. Ndiyo maana nimeamua kuanza kubana kazi kwa mfuko na pampu ya vakyumu, yaani kukifunika kipande kwa mfuko wa plastiki na kunyonya hewa iliyomo ili hewa ya nje ikikandamize.

Pampu niliyoinunua Kariakoo ni ya aina wanayotumia mafundi wa friji na viyoyozi, ya hatua moja, inayofanya kazi kwa mafuta. Kibandiko chake kinasema huvuta lita 70 kwa dakika na hushuka hadi paskali 5. Nikifunga geji kwenye mpira wake na kuziba mwisho, mshale unasimama kwenye hasi 0.94 (geji ni ya bar) na hausogei tena. Je, hiyo ni pampu nzima au mbovu? Na ni majaribio gani ninayoweza kuyafanya hapa nyumbani, bila vifaa vya maabara, kabla sijamwaga resini juu ya kitambaa? Resini ninayotumia zaidi ni poliesta. Epoksi ninaitunza kwa kazi chache kwa sababu ya bei yake.

FundiBaridi aliandika:

Ndugu Baharia, kazi yangu ni majokofu na viyoyozi, hivyo pampu ya aina hiyo ninaifahamu vizuri, ingawa faibaglasi si fani yangu. Nianze na namba. Geji yako haipimi hewa iliyobaki ndani, bali inapima tofauti kati ya ndani na nje. Hapa Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takribani milibari 1013, kwa hiyo hasi 0.94 ina maana kwamba ndani kumebaki milibari sabini na kitu. Paskali 5 za kwenye kibandiko ni milibari 0.05 tu. Namba hizo mbili haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja, lakini usiharakishe kuilaumu pampu. Geji ndogo ya mshale ya kawaida inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 2.5 ya kipimo chake chote, yaani milibari 25 hivi, na zile za bei ya chini kabisa hukosea zaidi ya hapo. Geji ya namna hiyo haitakuonyesha kamwe tofauti kati ya paskali 5 na milibari 10, na kwa kazi yako tofauti hiyo huihitaji, kwa maana mfuko uliobakiwa na milibari 10 umeshapata asilimia 99 ya nguvu yote inayoweza kupatikana.

Tazama mafuta yake kupitia kile kidirisha cha pembeni. Yakiwa na rangi ya maziwa, yameshika maji, na pampu yenye mafuta ya namna hiyo haishuki chini hata ingekuwa mpya. Kwa unyevu wa jiji letu jambo hili hutokea haraka kuliko watu wanavyodhani. Weka mafuta ya pampu ya vakyumu, si mafuta ya injini, uiwashe kwa dakika 15 hadi 20 ipate joto, na kama ina kile kizibo kidogo cha kupitishia hewa ya kuondoa unyevu, kifungue kwa muda huo kisha ukifunge ndipo upime. Upimaji wenyewe ufanye mdomoni mwa pampu, bila ule mpira, kwa sababu mipira ya gesi imetengenezwa kuzuia presha isitoke nje, na raba zake za mwishoni zikichakaa huingiza hewa wakati wa kuvuta bila wewe kusikia chochote.

Angalia pia kama kibandiko kina namba mbili za kiasi cha hewa, moja yenye maandishi 60 Hz na nyingine 50 Hz. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo ndogo ndiyo yako.

KarakanaGerezani aliandika:

Salaam. Binafsi sioni sababu ya kununua pampu. Kompresa ya friji lililokufa inavuta hadi hasi 0.9 na ushee, ina sauti ndogo, na kwa fundi wa vyuma chakavu unaipata kwa bei ya chini kabisa. Nimebana nayo veneer (mbao nyembamba za kubandika juu) mara nyingi na imenitosha.

FundiBaridi aliandika:

Kwa kazi fupi nakubaliana nawe, fundi. Tatizo ni kwamba kompresa ya friji hupozwa na gesi inayorudi kutoka kwenye mzunguko, na ukiiziba upande wa kuvuta hakuna gesi inayorudi. Itachemka, kinga yake ya joto itakata umeme, na resini haitakusubiri ipoe. Ukiitumia, iunganishe na tangi la akiba lenye valvu ya njia moja na swichi ya presha, ili ifanye kazi kidogo kidogo na kupumzika.

DadaWaResini aliandika:

Ndugu Baharia, Fundi Baridi amekueleza vizuri habari ya pampu. Mimi nitaongezea yale yanayohusu mfuko na resini, kwa kuwa huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Kwanza, geji yako unaweza kuipima kwa maji. Maji huchemka bila moto pale mgandamizo unaposhuka hadi kufikia presha ya mvuke wake, na namba hizo zinajulikana: maji ya nyuzi 30 huchemka kwenye milibari 42, ya nyuzi 20 kwenye milibari 23, ya nyuzi 10 kwenye milibari 12. Chukua sufuria nzito ya chuma, uifunike kwa kipande cha akriliki cha milimita 12 au zaidi juu ya raba, uweke ndani yake kikombe chenye maji kidogo uliyoyapima joto kwa kipimajoto cha kawaida. Tia vipande vichache vya kigae ndani ya maji, kwa maana maji safi kwenye chombo laini huchelewa kuanza kuchemka na yatakudanganya. Washa pampu na uitazame geji mara tu mapovu yanapoanza kupanda mfululizo. Usiyahesabu yale madogo ya mwanzo, hayo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Kwa maji ya nyuzi 30 geji sahihi inatakiwa kusoma takribani hasi 0.97. Tofauti utakayoiona ndiyo kosa la geji yako, iandike juu yake kwa kalamu ya wino. Tafadhali usitumie chupa ya kioo ya jamu wala mtungi mwembamba. Mfuniko wa sentimita 22 unakandamizwa na hewa kwa nguvu ya kilo 380 hivi, na kioo kikipasuka hurusha vipande. Jaribio likiisha, badilisha mafuta ya pampu, kwa sababu umeinywesha mvuke.

Jaribio la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote, nalo linahusu uvujaji. Bana mfuko mtupu juu ya kioo kinene au bati laini, ukiweka ndani kitambaa kikavu cha kupitishia hewa, na katikati ya mfuko na pampu uweke mtungi wa kunasia resini. Geji iwe upande wa mfuko. Vuta hadi mshale utulie, funga koki, ndipo uzime pampu, kisha utazame mshale kwa dakika kumi. Usiridhike na namba nzuri wakati pampu inanguruma. Chukua mfano wa mfuko na mtungi vyenye ujazo wa lita 10, ambamo mgandamizo unapanda milibari 20 kwa dakika 10. Hiyo ni hewa ya nje ya sentimita za ujazo 20 inayoingia kila dakika, na pampu ya lita 70 kwa dakika itaimeza bila mshale kutikisika. Lakini kwa saa moja ni zaidi ya lita nzima ya hewa iliyopita katikati ya resini yako kuelekea kwenye pampu, nayo huacha njia za mapovu ambazo utaziona baada ya kubandua mfuko. Pampu yenye nguvu huficha uvujaji wala haiuponyi. Kwa geji ya mshale, lengo lako liwe kutoona mwendo wowote wa wazi ndani ya dakika hizo kumi.

Mshale ukirudi, tazama unavyorudi. Uvujaji huurudisha kwa mwendo ule ule dakika baada ya dakika. Unyevu uliomo kwenye kitambaa, mbao au foamu huurudisha haraka mwanzoni, halafu mwendo unapungua na kusimama, kwa sababu mvuke wa maji kwenye nyuzi 30 hauwezi kupita ile milibari 42. Ukishatambua tofauti hiyo hutapoteza jioni nzima ukikandamiza mkanda wa kuzibia wakati tatizo ni kitambaa kilicholala kwenye banda lenye unyevu.

La mwisho ni poliesta. Ndani yake mna stairini, ambayo presha yake ya mvuke kwenye nyuzi 20 ni takribani milibari 6, na katika joto la banda la bati hapa mjini ni zaidi ya 10. Ukivuta hadi kufikia hapo, resini yenyewe itaanza kuchemka na kujaa mapovu, hata kama mfuko hauvuji hata kidogo. Kwa hiyo paskali 5 si sifa unayoihitaji. Kwa kipande kilichopakwa resini kisha kikabanwa, hasi 0.7 hadi 0.8 inatosha kabisa: kifuniko cha sentimita 50 kwa 60 kwenye hasi 0.8 kinakandamizwa na nguvu ya karibu tani 2.4, iliyotawanyika sawasawa kila mahali, na hakuna jiwe wala kibano kitakachokupa hivyo. Ila foamu isiwe ile nyeupe ya kufungashia televisheni, kwa kuwa stairini huiyeyusha.

KarakanaGerezani aliandika:

Na hiyo hasi 0.8 ataipataje? Nijuavyo, watu wengi huacha tundu dogo liingize hewa hadi mshale utulie wanapotaka.

DadaWaResini aliandika:

Kwa pampu isiyo ya mafuta, njia hiyo inafaa. Kwa hii ya mafuta ninaipinga, kwa kuwa ikivuta hewa nyingi mfululizo hutoa mafuta kwa ukungu kupitia tundu la kutolea, na baada ya saa kadhaa kidirisha kinaonyesha pampu kavu. Afadhali mfuko usiovuja, tangi la akiba, na pampu inayowashwa kwa muda mfupi kisha koki ikafungwa. Tangi lisiwe mtungi wa gesi ya kupikia uliokatwa au kutobolewa nyumbani. Tangi la kompresa ya upepo linatosha. Bomba la kutolea lielekezwe nje ya banda, mbali na moto, kwa maana mvuke wa stairini unawaka na pia unaumiza kichwa.

Baharia_Kunduchi aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Mafuta yalikuwa yameanza kuwa meupe. Nimeyabadilisha, nimeondoa ule mpira, na sasa mshale unafika hasi 0.96. Maji ya nyuzi 30 yalichemka geji ikisoma hasi 0.93, kwa hiyo inapunguza 0.04. Maji ya kutoka kwenye friji, yaliyokuwa na nyuzi 10, nayo yalichemka mshale ukiwa umekaribia kabisa mwisho wake, jambo linaloonyesha kwamba pampu inafika angalau milibari 12. Kwa bei niliyoilipa nimeridhika nayo.

Mfuko juu ya kioo haukurudi hata kidogo kwa dakika kumi. Nilipouhamishia kwenye kalibu yangu ya plaiwudi, mshale ulirudi kwa mwendo usiopungua hadi nikaacha kutazama. Mkanda wa kuzibia ni ule ule na mfuko ni ule ule. Je, plaiwudi yenyewe inapitisha hewa?

DadaWaResini aliandika:

Ndiyo, hasa kwenye kingo, ambako nyuzi za mbao zimekatwa na hewa hupita katikati ya matabaka hadi kwenye tundu lolote la msumari lililo ndani ya mfuko. Ianike kwanza ikauke barabara, kisha uipake epoksi pande zote mbili na kwenye kingo, tabaka mbili, ukiziba matundu ya misumari kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia. Hapa epoksi uliyoitunza itakuwa imetumika vizuri. Kama huna muda huo, tia kalibu yote ndani ya mfuko uliozibwa pande zote, ili kingo za plaiwudi zisiguse hewa ya nje, lakini hakikisha mfuko una mikunjo ya kutosha kwenye pembe usije ukapasuka au kuipinda kalibu.

Rudia jaribio la dakika kumi kwenye kalibu hiyo kabla ya kuchanganya hadina (dawa ya kugandisha resini), kwa kuwa kwenye joto letu poliesta inaweza kuganda ndani ya dakika ishirini na muda wa kutafuta tundu hutakuwa nao. Kwa geji yako inayopunguza 0.04, lenga hasi 0.76 ili upate hasi 0.8 ya kweli, kisha ufunge koki kabla ya kuzima pampu, la sivyo mafuta yanaweza kunyonywa kurudi kwenye mpira. Kipande cha kwanza kiwe kidogo, chenye foamu ile ile unayoitumia sitahani, na kikishakauka ukikate katikati kwa msumeno uone jinsi tabaka lilivyokamata.