Sadaka ya marehemu mdogo wangu: pilau au nauli ya kliniki?

Dada mtu, Mikindani
Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu alifariki msimu uliopita wa korosho. Daktari aliuita ugonjwa wake anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Alificha mihogo chini ya mkeka, akijiita mnene huku kanga ikimzunguka mara mbili. Mtaani wakasema majini. Sasa mama anataka hitma kubwa. Mimi masinia yale sitaweza kuyatazama. Nina pesa ya korosho, nataka nimsaidie binti mwingine mwenye ugonjwa huo kwa niaba yake. Nianzie wapi?

Muuguzi, Masasi
Pole sana dada. Usikimbilie kununua chakula. Aliyejinyima muda mrefu akilishwa ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Chakula huongezewa kidogo kidogo, huku akipimwa. Lipia nauli ya kliniki, maana matibabu ni ya miezi, na umfidie mzazi kibarua anachokosa ili akae naye kila mlo. Kwa vijana, mzazi kusimamia mlo ni sehemu ya tiba yenyewe. Waone watu wa ustawi wa jamii pale hospitali ya Ligula, Mtwara.

Babu wa Newala
Mjukuu wangu, mama usimnyime hitma. Pikeni kidogo. Na jina la huyo binti lisitajwe, huku kwetu habari hufika Tandahimba kabla ya basi.

Dada mtu, Mikindani
Ahsanteni. Mama kakubali kupunguza mchele, shingo upande. Jumatatu naenda Ligula.