Genge la mtaa wenu lilianzaje? Tupeane uzoefu

Buda wa Dandora: Jana kwenye steji nimeona vijana wakiokota mia mia kwa kila matatu, mchana kweupe, na hao nimewajua wakiwa na kamasi. Nikakumbuka enzi za Kamjesh, lile genge la kutoza matatu. Mliokulia Eastlands hapa Nairobi, kwenu lilianzaje? Kabila liacheni mlangoni.

Manamba Mstaafu: Kamjesh tuliwalipa hadi wenye magari wakachoka. Ruti yetu ikaita vijana wengine waje wawafukuze. Wakawafukuza kweli. Haikupita muda wakaanza kuokota wao, na bei ikapanda.

Binti wa Kosovo: Manamba umenigusa, acha nimwage. Mama alikuwa akipika chang'aa kando ya mto, Mathare. Vijana walipoanza kupiga doria usiku tulifurahi, maana karao akija ni kuchukua chake na kuondoka. Wakashika stima, wakashika vyoo, kisha kila nyumba ikaambiwa itoe. Ni genge la Mungiki, kila mtu alijua. Novemba 2006 wapishi wakaongezewa kiwango, wakakataa, wakaegemea Taliban, genge pinzani la hapa hapa mtaani. Basi. Mabati yalilia usiku kucha, huyu anachoma upande huu, yule anajibu ng'ambo. Mama alibeba mdogo wangu na sufuria, sijui kwa nini sufuria. Kwenye kichochoro tukakutana na kijana aliyekuwa akitufungia waya za stima, ana panga, shati halina kifungo hata kimoja. Mama akaanza kusali kwa sauti. Yule akasema, "Mathe, huko juu wamefunga, piteni huku." Tulilala nje karibu na Moi Air Base na mamia ya watu. Nyumba tulikuta majivu.

Jirani 4B: Kweli tupu. Nilikuwepo.

Omosh Baba Lao: Angalau Taliban walikuja kutetea watu.

Fundi Huruma: Kutetea nani? Kioski changu kilichomwa na hao watetezi wako.

Omosh Baba Lao: Una uhakika ni wao, ama uliambiwa?

Fundi Huruma: Nilikuwa ndani ya kioski, Omosh.

Kaka Mdogo: Si hiyo ndiyo iliua watu zaidi ya 20?

Manamba Mstaafu: Hapana, unachanganya. Hiyo ni Kariobangi, Machi 2002, Mungiki wakilipiza kisasi kwa Taliban. Ndipo serikali ikapiga marufuku makundi 18, Kamjesh wakiwemo.

Buda wa Dandora: Marufuku ya karatasi! Kampeni zilipoanza mwaka uleule, vijana walipakiwa kwenye malori kama kawa. Mwanasiasa akishawalipa mara moja, unadhani baada ya kura watarudi kuuza njugu?

Sista Kayole: Sisi Kayole tulipata genge la Gaza. Jina la mtaa wa mwanamuziki Vybz Kartel kule Jamaica, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege.

Kaka Mdogo: Sasa mtu akija dukani kudai afanyeje?

Jirani 4B: Lipa, nyamaza.

Fundi Huruma: Usilipe! Ukitoa leo, kesho wanakuja na kitabu cha risiti.

Omosh Baba Lao: Oa dada ya mkubwa wao.

Sista Kayole: Binti wa Kosovo, yule kijana wa panga aliishia wapi?

Binti wa Kosovo: Ana boda Huruma. Nikipanda anakataa pesa, namlazimisha.

Manamba Mstaafu: Tuma kwa M-Pesa, ubaki na ushahidi.