Intavyu ya injinia wa softwea Amazon, nianzie wapi?

mwana_wa_Mbarara:
Habari zenu wakuu. Niliomba kazi Amazon, ofisi ya Cape Town, wamenitumia mtihani wa mtandaoni na nikipita ndo zinafuata intavyu za video. Mimi niko Kampala, nafanya kazi kampuni ndogo pale Ntinda, Java ndo naijua zaidi. Jioni napiga maswali ya LeetCode, ile tovuti ya mazoezi ya kuandika kodi, ila naona kama nakariri tu, swali likigeuzwa kidogo nakwama. Na hizo kanuni zao za uongozi wanazisemaga sana, ni za kweli au mapambo? Naombeni msaada.

koda_wa_Gulu:
Hongera ssebo. Acha kuhesabu maswali, chukua swali moja ulimalize kabisa. Mfano umepewa orodha ya bei utafute mbili zinazojumlisha kiasi fulani. Kwanza uliza, bei zinajirudia? orodha imepangwa? Halafu sema njia ya kawaida kwa sauti, kulinganisha kila bei na kila nyingine, bei 100,000 zinakupa karibu jozi bilioni 5, sasa hapo ndo unaleta hashimapu, yaani jedwali la kukumbuka bei ulizokwisha kuziona na kuzipata papo hapo, unapita mara moja tu. Ongea wakati unaandika maana yule wa upande wa pili haoni yaliyo kichwani mwako, ukinyamaza dakika kumi hana cha kuandika juu yako.

dada_wa_bakendi:
Kanuni si mapambo kabisa! Ziko 16, mbili za mwisho ziliongezwa 2021, na wanaokuhoji wanagawana kila mtu na za kwake za kupima. Mmoja anatoka nje ya timu inayoajiri, wanamwita Bar Raiser, yeye analinda kiwango kisishuke kwa sababu timu ina haraka ya kupata mtu. Andaa stori za kweli za kazini kwako, hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ukafanya nini, kikatokea nini. Na tafadhali sema "nilifanya". Sisi tumelelewa kutojisifu, mtu amekesha peke yake akirekebisha seva halafu anasema "tulirekebisha", sasa mhoji atajuaje ni wewe?

mzee_wa_stoku:
Wenzangu wamesema vizuri, mi naongeza la duka lenyewe. Imebaki simu moja kwenye stoku, wateja wawili wanabonyeza nunua kwa pamoja, utafanyaje? Ukisoma idadi kwanza halafu ukapunguza baadaye wote wawili watauziwa. Punguza kwa amri moja ya databesi yenye sharti kwamba idadi izidi sifuri, kisha angalia kama kuna rekodi iliyobadilika, kama hakuna mwambie mteja imeisha. Malipo nayo, sisi wa mobile money tunalijua hili vizuri, mtandao unachelewa mtu anabonyeza tena, kwa hiyo kila oda ipewe namba yake ya kipekee ili rekwesti ya pili isikate pesa mara mbili. Kama unaanza kazi hawatakubana sana kwenye sistemu dizaini, yaani kupanga mfumo mzima unavyofanya kazi, ila elewa hili mpaka uweze kulichora.

mwana_wa_Mbarara:
Asanteni sana, hiyo ya "nilifanya" imenigusa. Naanza leo na stori.

koda_wa_Gulu:
Angalia na saa, Cape Town wako nyuma yetu saa moja, wakiandika 10:00 ya kwao kwetu ni saa tano asubuhi. Laptop ijae chaji na uwe na bando kwenye laini mbili.