Sapavaiza kanirudishia sura ya nne: usaili 22, misimbo 147, nimekwama

MwanaKigamboni: Habari zenu wakuu. Nafanya masta, natafiti kwa nini abiria wa bodaboda hawavai kofia ngumu. Nimesaili madereva 22, nikaandika yote neno kwa neno. Kwenye mbinu nimesema natumia uchambuzi wa maudhui wa kitaamuli, yaani kutafuta maana ya yaliyosemwa, si takwimu tu. Nikatengeneza misimbo 147 (majina mafupi ya kubandika kwenye vipande vya usaili vyenye maana moja) na jedwali la maneno yanayojirudia. Kanirudishia na wino mwekundu: "Umehesabu maneno. Uchambuzi uko wapi?" Msaada jamani, nina wiki tatu.

KalamuNyekundu: Pole. Kuhesabu peke yake si dhambi. Watafiti Hsieh na Shannon mwaka 2005 walitaja njia tatu za uchambuzi huo: misimbo kutoka kwenye data yenyewe, misimbo inayoanzia kwenye nadharia, na kuhesabu maneno kisha kuchimba yanabeba maana gani. Wewe unafuata ipi?

MwanaKigamboni: Sikutaja mkuu. Niliandika jina la mbinu tu.

KalamuNyekundu: Basi amekushika palepale. Ile ya tatu umeishia nusu njia.

BabaJunior88: 147 kwa watu 22? Nusu ni mapacha hao. Mayring, yule Mjerumani aliyeandika sana kuhusu mbinu hii, anataka urudi kukagua kategoria zako (makundi ya maana) ukishapitia kama asilimia 10 hadi 50 ya data. Wewe umekwenda moja kwa moja kama basi la mkoani. Kila msimbo uandikie maana, kinachoingia, kisichoingia, na mfano kutoka kinywani mwa dereva. Ukishindwa kuuandikia maana, futa. Kisha mpe mwenzako usaili mitatu minne auchambue kwa misimbo hiyohiyo bila kuona yako, mlinganishe. Mtakapogombana, ndipo maelezo yako yana tundu.

Mjanja_wa_Mjini: Si umpe roboti akuchambulie usiku mmoja?

BabaJunior88: Na hao madereva waliridhia sauti zao zipelekwe huko? Fomu ya ridhaa inasemaje?

SautiYaPwani: Mi nina swali dogo. Umechambua kwa Kiswahili au Kiingereza?

MwanaKigamboni: Kiingereza dada, tasnifu ni ya Kiingereza. Nilitafsiri kwa programu.

SautiYaPwani: Jipu liko hapo. Chambua kwa lugha waliyosemea, utafsiri nukuu utakazoweka kwenye tasnifu tu. Hebu tafuta neno "hesabu" uone limekwenda wapi.

MwanaKigamboni: Aisee. Dereva kasema, "Nikianza kumbembeleza abiria avae kofia, hesabu ya bosi haitimii." Programu imeandika hisabati, nami nikaiweka kwenye msimbo wa ELIMU 🤦🏾

SautiYaPwani: 😂 Na hiyo pengine ndiyo sura yako ya nne nzima. Fedha ya bosi ya kila siku inaamua kama kuna muda wa kofia.

*(siku sita baadaye)*

MwanaKigamboni: Mrejesho: nimerudi kwenye Kiswahili, nimebaki na misimbo 29. "Hesabu ya bosi" na "kofia inanuka" zinajitegemea. Rafiki yangu kachambua usaili minne, tumebishana sana kwenye "ajali ni kazi ya Mungu": yeye anaona imani, mimi naona mtu anakwepa swali. Halafu dereva wa tisa kila nikimuuliza habari za kofia anacheka tu. Kicheko nakiweka wapi?

KalamuNyekundu: Ukichambua maneno ya wazi tu, kiache. Ukitafuta na yaliyojificha, kiingize, ila eleza kwenye mbinu. Na hiyo ya Mungu usiamue kwa sentensi moja, soma alichokuwa anajibu kabla yake.

MwanaKigamboni: Kabla yake nilimuuliza kofia ya abiria anainunua nani.

BabaJunior88: Basi umeshinda ubishi.